Baba Yetu, wimbo wa Civilization: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila video ya kwaya fulani ya ng'ambo ikiimba "Baba Yetu" inapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa, kuanzia ya mtu ambaye hajawahi kugusa mchezo wenyewe hadi ya mwalimu wa kwaya anayetaka kuufundisha wimbo Jumamosi hii. Jibu likishatolewa mahali pengine, nimekuelekeza huko.

## Ya kuanzia

Baba Yetu ni wimbo gani hasa?

Ni Sala ya Bwana iliyotiwa muziki na kuimbwa kwa Kiswahili, na ndiyo iliyofungua mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, uliotoka mwaka 2005. Ukishauwasha mchezo unaona dunia ikiwa angani, inazunguka polepole, na kwaya inaanza kuimba. Wengi walikaa pale kwenye menyu bila kubonyeza chochote mpaka wimbo uishe. Kwa mamilioni ya wachezaji duniani, hicho ndicho Kiswahili cha kwanza walichowahi kukisikia kwa makini.

Civilization ni mchezo wa namna gani?

Unachukua taifa likiwa na kijiji kimoja, mwaka 4000 kabla ya Kristo, unalikuza hatua kwa hatua hadi zama za vyombo vya angani. Unajenga miji, unagundua maandishi na chuma, unafanya biashara, diplomasia au vita. Mchezo wa kwanza ulitoka mwaka 1991 chini ya Sid Meier, na jina lake bado liko kwenye kila kasha. Toleo la saba lilitoka Februari 2025, kwa hiyo mfululizo huu umepita miaka 30.

Aliyeutunga ni Mwafrika?

Hapana. Ni Christopher Tin, Mmarekani wa California, aliyezaliwa mwaka 1976. Alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, na huko alikaa chumba kimoja na Soren Johnson, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunifu mkuu wa Civilization IV. Johnson ndiye aliyemwomba wimbo wa kufungulia mchezo.

Sauti unazozisikia mchezoni ni za Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Stanford kinachoimba bila ala na ambacho kimejikita sana katika nyimbo za Afrika. Mwimbishaji ni Ron Ragin. Aliyeyapanga maneno ya Kiswahili yaingie kwenye muziki ni Chris Kiagiri. Jina hili la mwisho husahaulika mno, nami naona si haki: bila mtu anayejua silabi zetu zinakaa wapi, wimbo huu ungetoka kama ule wa watalii wanaosoma maneno ukutani.

Si wimbo wa zamani wa kanisani kwetu?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na hata watu wazima wameniapia kwamba waliuimba utotoni. Walichoimba ni "Baba Yetu" nyingine. Sala hii ina tuni nyingi sana Afrika Mashariki, karibu kila dhehebu lina yake, na kwaya nyingi zimetunga zao. Hii ya Tin haikuwepo kabla ya miaka ya 2000. Sala ni ya kale, tuni ni mpya.

## Maneno

Je, ni Sala ya Bwana kamili?

Karibu yote imo, ila mpangilio umegeuzwa. Sala tuliyofundishwa inakwenda hivi: jina litukuzwe, ufalme ufike, mapenzi yatimizwe, ndipo tuombe chakula na msamaha. Kwenye wimbo, mara baada ya jina kutukuzwa tunaingia moja kwa moja kwenye chakula, msamaha na majaribu. Ufalme unakuja baadaye, katika ubeti wa pili.

Nilipolitambua hili nililiona kosa. Siku hizi nalisikia kwa namna nyingine. Ubeti wa chakula na msamaha una maneno mengi na kasi, watu wanaomba kwa haraka kama wenye shida ya leo. Ule wa ufalme ni mfupi, wenye nafasi, na sauti zinapanda. Mtunzi aliyahitaji maneno machache yenye upana ili kwaya ipumue kabla ya kurudi kwenye kiitikio, na sala ilikuwa nayo. Sisemi kila mtu akubali kuigeuza sala kwa sababu ya muziki. Nasema kuna sababu ya kimuziki unayoweza kuisikia.

Kitu kingine: ile sehemu ya mwisho, "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu", haimo. Badala yake neno "milele" limeunganishwa na ombi la kuokolewa na yule mwovu.

Maneno haya ni ya Kikatoliki au ya Kiprotestanti?

Watu wamebishana sana juu ya hili, na kila upande hupata ushahidi nusu. Mkatoliki husikia "makosa yetu" na "waliotukosea" akasema ni yetu. Lakini kwenye Misa tunasema "mkate wetu wa kila siku", "kishawishi" na "utuopoe maovuni", na hayo hayamo. Aliyekua na Biblia ya Union husikia "yule mwovu" akasema ni yetu. Lakini Union ina "riziki yetu", "deni zetu" na "wadeni wetu", nayo pia hayamo.

Fungua Biblia ya Habari Njema, Mathayo sura ya 6, kuanzia mstari wa 9. Utakuta "chakula chetu tunachohitaji", utakuta "kama nasi tunavyowasamehe waliotukosea", utakuta "ufalme wako ufike". Maneno ya wimbo yanafuata tafsiri hiyo karibu neno kwa neno. Na Habari Njema ni tafsiri iliyofanywa kwa ushirikiano wa makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, kwa hiyo hakuna wa kumnyang'anya mwenzake.

Kiswahili ni lugha yangu ya kwanza, mbona mara ya kwanza sikusikia neno hata moja?

Hauko peke yako, na masikio yako ni mazima. Sababu ziko tatu.

Ya kwanza ni mahali sentensi inapokatwa. Kiitikio kinatua kwenye "uliye", kinavuta pumzi, ndipo "mbinguni" ianze kwenye mstari unaofuata. Sikio la Mswahili haliwezi kuiacha "uliye" ikining'inia hivyo; linasubiri, na likiwa linasubiri maneno mengine yanapita. Mstari unapojirudia, "mbinguni" haifiki kabisa: kuna mguno wa "m", kisha "jina lako".

Ya pili ni "yetu" inayorudiwa tena na tena. Katika maongezi neno hilo ni jepesi, halibebi uzito. Hapa ndilo linalopiga mdundo.

Ya tatu ni kasi. "Tunachohitaji" ina silabi sita, "tunavyowasamehe" ina saba, na zote zinapita kwenye nafasi ndogo. Kwaya isiyoijua lugha huzimeza.

Usikilize tena ukiwa na sala mkononi, ukianza na ubeti badala ya kiitikio. Utafunguka wote.

"Mbinguni yetu" si makosa ya sarufi?

Ingekuwa makosa kama maneno hayo mawili yangekwenda pamoja. Hayaendi pamoja. "Mbinguni" inamalizia "uliye" ya mstari wa juu, na "yetu, yetu, amina" ni kwaya inayoitikia ikirudia neno la "Baba yetu". Ukiyaandika maneno kwenye karatasi bila nukta wala mkato, kama wafanyavyo wanaoyabandika chini ya video, lazima yaonekane ya ajabu.

## Muziki

Kwa nini unafanana na nyimbo zetu wakati mtunzi si wa kwetu?

Kwa sababu ya mwimbishaji na wapokeaji. Mmoja anatoa, wengi wanapokea, na wanaopokea hawamsubiri amalize. Wanaingia juu ya mkia wa sauti yake. Aliyekulia kwenye kwaya ya mtaani, msibani au jando analijua hilo kabla hajajua kusoma.

Ila sikiliza vizuri utaona kwamba ujenzi wake uko karibu zaidi na kwaya za Afrika Kusini kuliko za kwetu: besi nzito chini, sauti zote nne zikitembea pamoja kama ukuta. Ngoma zake hazitoki kwenye kabila fulani unaloweza kulitaja. Halafu juu ya hayo yote kuna okestra ya aina ya filamu kubwa. Kwa hiyo anayesema "huu ni muziki wa Kiswahili" amekosea kidogo, na anayesema "ni muziki wa kizungu wenye maneno yetu" amekosea zaidi.

Kuna matoleo mangapi, na nianze na lipi?

Mawili ndiyo ya msingi. La kwanza ni la mchezoni, 2005, la Talisman. La pili liko kwenye albamu ya Tin iitwayo Calling All Dawns ya mwaka 2009, ambapo Soweto Gospel Choir wanaimba pamoja na Royal Philharmonic Orchestra ya London. Mengine yote unayoyaona mtandaoni ni ya kwaya mbalimbali zilizofuata baadaye, na mengi yanafuata mpangilio wa 2009.

La pili ni kubwa na limesafishwa. Binafsi narudi kwenye la kwanza. Unasikia vijana wanaoweza kuhesabika, pumzi zao zinasikika, na mwimbishaji anaomba kweli. Sala inayosemwa na watu wachache inanifikia kuliko inayosemwa na uwanja mzima. Lakini kama unataka kuyashika maneno, anza na la 2009; Soweto wanatamka waziwazi zaidi.

Tuni hii inarudi mahali pengine?

Inarudi, na pahali pazuri kuliko pote ni ndani ya Calling All Dawns yenyewe. Albamu ina nyimbo 12 katika lugha 12: inaanza na Kiswahili, inapita Kijapani, Kichina, Kireno, Kifaransa, Kilatini, Kiayalandi, Kipolandi, Kiebrania, Kiajemi na Kisanskriti, inaishia Kimaori. Nyimbo zinaungana bila kukatika, na mpango wake ni mchana, usiku, kisha alfajiri. Ukifika kwenye ule wa Kimaori, "Kia Hora Te Marino", muziki wa "Baba Yetu" unaibuka tena kutoka ndani yake. Kumekucha, na tumerudi tulipoanzia. Ukiiweka albamu ijirudie, mwisho unaingia kwenye mwanzo.

Ndiyo maana namsihi kila anayeupenda wimbo huu asiusikilize peke yake. Sikiliza yote mara moja, kwa mpangilio wake.

## Tuzo

Ni kweli ulishinda Grammy?

Ni kweli. Tarehe 13 Februari 2011 ulishinda tuzo ya mpangilio bora wa ala unaosindikiza waimbaji, na albamu nzima ikashinda ile ya muziki wa klasiki uliochanganywa na mitindo mingine. Ulikuwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kuipata Grammy.

Kama mchezo ulitoka 2005, tuzo ilichelewaje hivyo?

Kilichoshinda ni toleo la albamu, si lile la mchezoni (tazama swali la matoleo hapo juu). Na tuzo yenyewe ilikuwa ya upangaji wa muziki, kwa sababu wakati huo Grammy haikuwa na kundi la gemu peke yake. Kundi hilo lilianza kutolewa mwaka 2023, na aliyelifungua ni Stephanie Economou kwa muziki wa Assassin's Creed Valhalla: Dawn of Ragnarök. Miaka 12 baada ya sala yetu kupitia dirishani, ndipo wenye nyumba walipojenga mlango.

## Baada ya Civilization IV

Matoleo yaliyofuata nayo yanafunguliwa na Baba Yetu?

Hapana, kila moja lina wimbo wake. La tano, mwaka 2010, halikutumia wimbo wa Tin. La sita, mwaka 2016, lilimrudisha kwa "Sogno di Volare", yaani ndoto ya kuruka, wenye maneno ya Kiitaliano yaliyotoholewa kwenye maandishi ya Leonardo da Vinci juu ya kuruka angani. Uliimbwa mara ya kwanza London, ukumbi wa Cadogan Hall. La saba ni lake pia, na wimbo unaitwa "Live Gloriously".

Kinachorudi basi ni desturi: kwaya kubwa, lugha isiyo ya Kiingereza, maneno ya kale, na dakika chache za kukaa kimya kabla ya kuanza kutawala dunia. Desturi hiyo ilianzia kwa Kiswahili. "Sogno di Volare" ni mzuri sana, na wapo wanaouweka juu. Mimi siuweki juu. Unakutazamisha angani, na "Baba Yetu" unaomba chakula cha leo. Kwa mchezo unaoanza na watu wenye njaa kijijini, wa pili umekaa mahali pake.

Nyimbo za mataifa ndani ya mchezo nazo zinafanyaje kazi?

Hapa Civilization VI imefanya jambo la kupendeza. Kila taifa limepewa tuni moja, mara nyingi ya asili ya watu wale, na tuni hiyo inakua na wewe: zama za kale inapigwa kwa ala chache, zama za kati inaongezewa, ukifika zama za viwanda inakuwa ya okestra, na zama za atomiki inajaa kabisa. Geoff Knorr ni mmoja wa waliozipanga. Ukicheza na Kongo, tuni ni "Banaha". Msomaji wa Kongo atashtuka: inaanza ndogo, na saa kadhaa baadaye inakuja na okestra nzima nyuma yake.

Afrika Mashariki imo mchezoni, au ni kwenye wimbo tu?

Katika toleo la nne hakukuwa na taifa la Waswahili, na jambo hilo limewauma wengi: lugha yetu ilikuwa mlangoni, sisi hatukuwa ndani. Baadaye hali ilibadilika kidogo. Katika la sita, Zanzibar ni mji huru wa biashara. Ukiwa na ushawishi kuliko wenzako unapata mdalasini na karafuu. Nyongeza ya Rise and Fall ya mwaka 2018 ilileta Kilwa Kisiwani kama mojawapo ya maajabu ya kujenga, kwenye ardhi tambarare kando ya pwani. La saba lina Buganda.

Tin ameandika kitu kingine cha ukanda wetu?

Ndiyo, na hakijulikani inavyostahili. Albamu yake ya mwaka 2014, The Drop That Contained the Sea, inahusu maji, na inafungwa na "Waloyo Yamoni", wimbo wa kuomba mvua kwa Kilango cha Uganda. Kama unaipenda ile hali ya kutoa na kupokea kwenye "Baba Yetu", huu unaiendeleza kwa muda mrefu zaidi.

## Maswali ya pembeni

Mimi ni Mwislamu. Naweza kucheza bila kusikiliza sala hii?

Unaweza. Kwenye mipangilio ya sauti kuna sehemu ya muziki peke yake. Ishushe hadi mwisho na sauti nyingine zitabaki. Wapo pia Waislamu wengi wa Pwani wanaousikiliza kama muziki wa lugha yao. Hilo ni la mtu na nafsi yake.

Kweli ulipigwa Dubai?

Ndiyo. Umo kati ya nyimbo zilizochezewa na chemchemi kubwa ya Dubai, maji yakiruka kwa kuufuata. Waswahili wanaofanya kazi kule ndio waliotuma video za kwanza nilizoziona.

Tunaweza kuuimba kanisani badala ya kuisali Sala ya Bwana?

Katika Misa ya Kikatoliki, hapana: maneno ya sala hiyo hayabadilishwi, na wimbo huu umebadilisha mpangilio na hata maneno, kama ilivyoelezwa hapo juu. Katika makanisa mengine, muulize mchungaji kabla ya mazoezi, msije mkaanza ubishi siku yenyewe. Kwenye tamasha, harusi baada ya ibada au mahafali, hakuna tatizo la kiibada.

Je, tunahitaji ruhusa?

Sala ni ya wote, tuni ni ya mtunzi. Nota zake zinauzwa kihalali, na kununua nakala za kwaya ndiyo njia safi. Mkiurekodi na kuuza, au kuuweka YouTube kwa lengo la mapato, mnahitaji kibali, na mfumo wa YouTube wa kutambua muziki unaweza kuelekeza mapato kwa mwenye wimbo hata kama mmeimba wenyewe.

Kwaya yetu inasoma sol-fa tu, haisomi nota. Tuanzie wapi?

Mwalimu aandike sol-fa kutoka kwenye nota zilizonunuliwa. Asiinakili kwa kusikiliza video, kwa sababu sauti ya pili na ya tatu hujificha nyuma ya okestra. Anzeni na sauti ya nne. Besi wakishakaa, wengine wana mahali pa kusimama, na mwimbishaji hatapotea.

Kisha someni maneno kwa mdomo, bila tuni, kwa kasi ya wimbo, mkiweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama mnavyoongea. Kwaya nyingi za nje husema "tunachohitaji" ikiwa imevunjika vipande vitatu. Nyinyi hamtahitaji kufundishwa hilo. Mwimbishaji mchagueni mwenye sauti inayoomba, hata kama si kubwa kuliko zote. Na pale kiitikio kinapotua kwenye "uliye", msivute pumzi wote kwa pamoja: nusu ya kwaya ishikilie sauti mpaka "mbinguni" iingie, na watu waliokaa nyuma kabisa wataisikia sentensi nzima.